Mvi za Mtunza Stoo

Mume wangu alikufa kwa ajili ya nywele. Waliokuja msibani waliambiwa ni presha, na aliyewaambia ni mimi, kwa sababu presha ni ugonjwa wenye heshima zake na kila nyumba inao. Ukisema mtu mzima, baba wa watoto na babu wa wajukuu, ameuawa na rangi ya kichwani, watu watakupa pole huku wakiuma midomo wasicheke. Ningekuwa jirani tu, nami ningeuma mdomo.

Alikuwa mtunza stoo. Aliingia kiwanda cha sabuni akiwa na nywele nyeusi za kwake mwenyewe, akakaa humo mpaka mvi zikamwanzia juu ya masikio, zikapanda, zikakutana utosini. Hakuna aliyeziona kuwa tatizo. Walimwita Mzee wa Stoo, na aliyetaka kitu alianza kwa kumwamkia. Kisha kiwanda kikafungwa. Vijana walitawanyika, kila mmoja akapata pa kujishikiza, yeye akarudi nyumbani na saa ya ukutani aliyopewa kwa shukrani, pamoja na mazoea ya kuamka alfajiri.

Ambaye hajawahi kukaa mchana kutwa na mwanamume aliyezoea kazi na sasa hana kazi, asinihadithie habari za ndoa. Wiki ya kwanza alipanga sufuria zangu kwa ukubwa. Akabandika vibandiko kwenye makopo ya sukari na chumvi, kana kwamba mimi niliyempikia miaka yote hiyo nilikuwa nabahatisha. Akaniuliza kwa nini vijiko na uma havilingani idadi. Nikamwambia stoo yako imefungwa, mume wangu, hili ni jiko la watu. Tulicheka siku hiyo. Baadaye akaacha kupanga vitu. Akaweka kiti mlangoni, akawa anawasalimia wanaokwenda kazini, mpaka baadhi yao wakaanza kupita ng'ambo ya barabara ili wasimwone amekaa. Hilo nililiona mimi, na nadhani yeye aliliona kabla yangu.

Usaili alikwenda mwingi. Anapiga pasi suruali yake mwenyewe, anafunga tai, anaondoka na vyeti kwenye bahasha ya kaki. Anarudi akisema benchi lilijaa watoto. Mara moja alifika kwenye ofisi fulani, binti wa mapokezi akasimama kwa adabu zote, akamwambia, "Karibu, mzee. Umemleta kijana wako kwenye usaili?" Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Alimjibu kwamba ndiyo, amemleta kijana, ila kijana mwenyewe amechelewa, ngoja atoke amtazame. Akatoka na bahasha yake, akaja nyumbani kwa miguu. Aliponisimulia alikuwa anacheka, lakini chakula cha siku hiyo hakukigusa.

Ndipo kifungua mimba wetu akaitisha kikao. Huyu binti yetu anafanya kazi ya kuajiri watu kwenye kampuni moja, kwa hiyo kwa mambo ya usaili ndiye mwalimu wetu. Alikuja na mumewe siku ya Jumamosi, tukakaa sebuleni, na kitinda mimba naye akaletwa kwa nguvu kutoka chumbani kwake. Ajenda ilikuwa kichwa cha baba yao. Binti yangu alisema barua hazina neno, vyeti havina neno, koti linafaa. Kinachomwangusha ni nywele.

Nilikasirika. Nikamwambia mvi ni heshima, tena huyu hazikumwotea kwa uvivu, zimemwotea kazini.

"Mama, mvi wataziamkia shikamoo," akasema. "Kazi watampa mwingine."

Kitinda mimba, ambaye nywele zake mwenyewe zilikuwa zimesimama kama amegombana na kitana, akashauri baba anyoe kipara king'ae, kama wachezaji mpira. Dada yake akakataa. Alisema kipara bila ndevu kinamfaa bosi, anayetafuta kazi anaonekana kama katoka hospitali. Na zaidi, kipara cha mwenye mvi kesho yake kinaota unga mweupe, siri inatoka. Aseme nini mkwe? Mkwe wetu ni mtu wa adabu, hawezi kujadili kichwa cha baba mkwe wake mbele yake. Alikuwa anatazama zulia. Alipoulizwa kwa jina lake alisema yeye ataunga mkono kitakachoamuliwa, akaendelea kutazama zulia.

Mwenye kichwa alisikiliza yote. Mwishoni akauliza kama rangi hiyo inatoka ikilowa jasho. Nikajua ameshaamua.

Nilikwenda naye kwa kinyozi, kwa sababu sikutaka aende peke yake. Ni chumba kimoja chenye vioo viwili, kiti cha kuzunguka kisichozunguka tena, na bango kubwa ukutani lenye picha za vichwa, kila kichwa na namba yake, ili mteja aseme tu nataka namba fulani. Mume wangu alikuwa ananyolewa hapo miaka na miaka na hakuwahi kulitazama bango hilo. Akikaa kitini anasema "kata kawaida" na anafumba macho. Siku hiyo alisimama mbele ya bango mikono nyuma, anakagua vichwa kimoja kimoja kama mzigo uliofika sasa hivi. Hakukuwa na hata uso mmoja wenye mkunjo. Akachagua namba saba, ile yenye pembeni chini, juu nywele kidogo, na mstari wa mbele ulionyooka kama umepigwa rula. Kinyozi akanitazama mimi kwenye kioo. Nikatazama mlangoni.

Alipomaliza kukata akachanganya piko, ule unga mweusi wa kwenye pakiti, kwenye kibakuli cha plastiki, akapaka kwa mswaki wa meno taratibu mpaka kwenye nyusi. Masharubu akayanyoa kabisa. Tulisubiri ikauke, akamwosha, akampangusa, na pale kitini akawa amekaa mwanamume niliyeolewa naye. Msinicheke: nilisikia haya. Njiani nilimtania kwamba majirani watasema nimempeleka mzee kwa kinyozi nikarudi na kijana. Naye akatembea mbele kidogo, mabega juu, kama kijana kweli.

Kazi akaipata. Usaili wa kwanza baada ya piko, akaipata. Ilikuwa ghala la mabomba na vifaa vya ujenzi, wakamweka mtunza stoo mkuu, lakini kwa majaribio kwanza. Meneja wake alikuwa kijana anayevaa viatu bila soksi. Aliporudi na habari alinibeba jikoni, mtu wa umri ule, nikamwambia niteremshe kabla hujavunjika kiuno ukapoteza kazi siku hiyohiyo. Ng'ombe hazeeki maini, akasema.

Kile kiti cha mlangoni kilirudi mezani. Alikuwa anaondoka kabla jua halijachomoza na kurudi na vumbi la saruji kwenye nyusi, na hadithi juu ya hadithi. Vijana wa ghala walikuwa wanamwita kaka. Alinieleza hilo akiwa anavua viatu, bila kunitazama, kama kitu kidogo tu: "Leo wameniita kaka." Nilimwitikia kidogo vilevile, lakini tulielewana. Alisema pia kwamba ni ghala lenye bahati, kwani kila asubuhi mizigo mizito anaikuta imeshapandishwa kwenye rafu.

Ila alikuwa anajikuna. Tangu piko ya kwanza alijikuna nyuma ya masikio, tukadhani ni sabuni. Mvi nazo hazina subira. Hazikupita wiki nyingi zikaanza kuchungulia kwenye shina, akaenda kupaka tena. Safari hii kichwa kilitoka malengelenge. Masikio yakawa yanatoa maji, foronya ya mto ikawa na madoa ya manjano ambayo nilikuwa nayafua na kuyafua. Alinikataza kuwaambia watoto. Safari ya tatu aliamka macho hayaonekani. Kope zilikuwa zimevimba mpaka zimefunga, uso umejaa, na bado alikuwa anapapasa ukutani akitafuta shati la kazini. Ofisini alipiga simu akasema ameumwa na nyuki. Nilimshika mkono nikampeleka zahanati akiwa kipofu, ananiuliza kila hatua kama kuna mtu tunayemfahamu anayetuona.

Daktari alikuwa mwanamke, mdogo kuliko kifungua mimba wetu. Alimpima, akamchoma sindano, akamweleza polepole kabisa. Kwamba mwili wake umeikataa hiyo rangi. Kwamba mwili ukishakataa hausahau, kila akirudia utakasirika zaidi ya mwanzo, na safari ijayo unaweza kuvimba koo, hewa isipite. Halafu akamwambia kwa upole, "Mzee, acha mvi zako ziote." Tulipotoka nje mume wangu alikuwa amenuna. Nikamuuliza nini. Akasema yule binti amejuaje kwamba yeye ni mzee, wakati nywele ni nyeusi.

Sikio la kufa halisikii dawa.

Nilijaribu kila njia, nisisingiziwe kwamba nilikaa tu. Nikasema nyoa zote. Akasema kinyozi hawezi kupitisha wembe juu ya vidonda, na ilikuwa kweli. Nikasema vaa kofia. Akasema meneja huwagombeza vijana wanaokuja na kofia kaunta. Nikasema weka hina. Akaniuliza kama nimewahi kuona mtunza stoo mwenye kichwa chekundu, jogoo huyo atamwamuru nani. Nilikwenda mwenyewe kwa kinyozi wetu nikamweleza alichosema daktari, akaapa kwamba hatampaka tena hata akija na polisi. Nikasema basi, la mwisho, mwambie meneja wako ukweli. Hapo aliinuka akaenda kuoga.

Kwa muda alijisaidia na wanja wangu. Asubuhi anasimama kwenye kioo cha bafuni, anapaka mvi za pembeni kwa kidole, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Jioni jasho limeshauteremsha, kola za mashati ni nyeusi. Nikiwa nafua kola hizo nilikuwa nalia, kisha nakasirika kwamba nalia, kisha nasugua kwa nguvu zaidi. Vidonda vilipona kidogo. Lakini nywele zilikuwa zinakua, na mstari mweupe ukawa mpana mpaka wanja haukutosha.

Ijumaa moja akarudi amebadilika. Meneja alikuwa amemwita, akamwambia majaribio yamekwisha na ameridhika naye. Jumatatu wangekwenda wote wawili kwa mkurugenzi, athibitishwe kazini rasmi, na apigwe picha ya kitambulisho. Aliniambia yote hayo amesimama katikati ya sebule, tai mkononi. Furaha na woga vilikuwa vimemkaa usoni pamoja, na mimi woga ndio niliouona zaidi.

Jumamosi nilimchunga. Jumapili baada ya chai akavaa shati safi.

"Unakwenda wapi?"

"Kunyoosha miguu."

Nilisimama mlangoni, pale pale alipokuwa anaweka kiti. Nikamwambia miguu hainyooshwi kwa shati la kutokea. Nikamkumbusha maneno ya daktari, yote, neno kwa neno, na nikamwambia kwamba akitoka kwenda kupaka anakwenda kujiua na ananiacha mimi na watoto kwa sababu ya mkurugenzi asiyemjua. Sikupiga kelele. Tulikuwa tumeshapita huko.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mke wangu, zile siku za kiti, unadhani nilikuwa hai?"

Nikamwambia kwangu alikuwa hai.

"Kwako," akasema. "Niache nipake hii moja tu. Wakishanithibitisha, hawawezi kunifukuza kwa sababu ya mvi. Nitaziacha ziote mpaka ziguse mabega."

Nikakataa kutoka mlangoni. Naye hakunisukuma, maishani hakuwahi kunisukuma. Alirudi chumbani, akalala kitandani na shati lake safi, nikadhani nimeshinda. Nikaenda nyuma kuanika nguo. Nilipoingia ndani kitanda kilikuwa kitupu.

Nilikimbilia kwa kinyozi wetu. Akaniambia alikuja, akamkatalia, wakabishana hata akamwonyesha mlango, na aliondoka akisema basi, nimekuelewa. Kinyozi aliamini ameelewa. Kumbe alivuka barabara tu. Upande wa pili kuna kijana amefungua chumba chake karibuni, ana redio kubwa na bango jipya, hamjui mtu na haulizi mtu. Nilipofika mlangoni mwake mume wangu alikuwa ameshaoshwa, amekaa kitini anajitazama kwenye kioo kwa pembeni. Nywele zilikuwa nyeusi tii. Aliponiona akatabasamu, tabasamu la mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Umeona?" akasema. "Mambo shwari."

Tulirudi pamoja. Sikumsemesha njia nzima. Mbele ya nyumba akasema ana joto. Ndani akaomba maji, nikamletea, yakamshinda kumeza yakamwagikia shatini. Midomo ilikuwa imeanza kujaa. Nilimwita kitinda mimba, akakimbia kwa jirani mwenye gari, tukampakia kiti cha nyuma kichwa chake mapajani kwangu. Alikuwa anavuta hewa kwa sauti, macho yananitazama mimi tu, na mkono wake ulikuwa unapapasa kichwani, unafuta, unafuta, kama mtu anayejaribu kukitoa alichokipaka. Mikono yangu ikapata weusi. Nilimwambia dereva aendeshe, naye alikuwa anaendesha. Hatukufika mlango wa hospitali. Sauti ilikoma kwenye foleni ya magari, na ilipokoma niliendelea kumwambia dereva aendeshe.

Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo wasemavyo, lakini mimi sikutaka aumbuke. Ndiyo maana nikasema presha. Watoto walijua, kinyozi alijua, wengine wote wakapewa presha. Walioosha maiti hawakuniuliza kitu. Kifungua mimba wangu alikuwa amejikunja pembeni ya kabati, anasema ni yeye, ni yeye ndiye aliyeitisha kikao. Nilimwambia anyamaze. Sikuwa na nguvu za kumbeba na yeye.

Siku ya pili baada ya mazishi wakaja watu wa ghalani. Waliletwa na lori la kampuni, wameoga, wamechana nywele, wakaingia mmoja mmoja wakinipa mkono kwa mikono miwili. Mmoja alisema, "Tumempoteza baba, mama." Hakusema kaka. Nililisikia hilo, lakini kichwa changu kilikuwa kizito na sikulifuata.

Meneja alibaki wenzake walipotoka nje kukaa na wanaume. Alikaa mbele yangu kwenye mkeka, amevua viatu, magoti pamoja. Akasema kampuni itasaidia, akasema mume wangu alikuwa mtu wa kutegemewa, akasema asingedhani kwamba presha inaweza kumchukua mtu ghafla namna ile. Alipotaja presha hasira ikanipanda. Huyu ndiye niliyekuwa namwogopa. Huyu mtoto asiye na soksi ndiye ambaye mume wangu alikuwa anajipaka wanja kila asubuhi kwa ajili yake. Nikamwambia haikuwa presha. Nikamweleza yote kwa sauti ya chini, piko, malengelenge, yule daktari, nyuki ambao hawakuwepo, Jumapili. Nilitaka aumie. Nilitaka ajue kwamba mtu amekufa akimficha yeye umri wake.

Aliinamisha kichwa.

"Mama," akasema, "sisi tulijua."

Nikamuuliza mlijua nini.

"Kwamba anapaka. Nilijua tangu siku ya usaili. Ilikuwa imemwingia kwenye sikio, na kola ilikuwa nyeusi."

"Na ukampa kazi?"

"Nilimpa kwa sababu ni mtu mzima. Vijana niliokuwa nao stoo walikuwa hawakai, miezi miwili wanaondoka. Nilikuwa namtafuta mtu mzima, ila kwenye tangazo huwezi kuandika hivyo. Alipoingia tu nikasema moyoni, huyu ndiye."

Nje mtu alikuwa anapanga viti, vinagongana. Nilimuuliza swali lililobaki, na sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mtu aliye chumba cha pili.

"Kwa nini hukumwambia?"

Kijana wa watu akaniangalia kwa mshangao, kama nimemuuliza kitu ambacho hata mtoto anakijua.

"Ningemwambiaje, mama? Ni sawa na baba yangu. Mtu mzima kajiweka vizuri, kaja, mimi nimwambie nimeona? Ningemvunjia heshima. Niliwakataza hata wale vijana wasimtazame kichwani." Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, anayapangusa kwa kiganja. "Walikuwa wanampenda. Hakuna aliyemtazama hata siku moja."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Ghala zima la watu wakitazama chini ili mume wangu asiaibike, na yeye huku akijiua ili wasione. Neno moja tu lingetosha. Mzee, mvi zako hazitusumbui. Mtu alisemee mlangoni, alisemee kwenye chai, alitamke kwa utani, nami leo ningekuwa nafua mashati.

Nilikuwa nalo jibu mdomoni, limeshajipanga: umemuua wewe, wewe na adabu zako. Lilikuwa ni haki yangu kulisema, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini alikuwa analia, tena ni mgeni kwangu, amevua viatu mlangoni na kukaa chini mbele yangu kama alivyofundishwa na mama yake. Nami nina mama yangu aliyenifundisha.

Nikamshika bega. "Asante kwa kuja, mwanangu," nikamwambia. "Usiondoke kabla hujala."